Ritifaa ya Sang'alo: Herufi Iliyohesabiwa Kuwa Nukta

Jina la Sang'alo, karibu na mji wa Bungoma, huandikwa kwa namna mbili: Sang'alo na Sangalo. Milima iliyo mashariki ya Kitale ina majina matatu. Ramani huiita Cherangani, eneo bunge lililopewa jina lake ni Cherangany, na wanaoandika jinsi linavyotamkwa huandika Cherang'any. Hata Moses Wetang'ula, mzaliwa wa Bungoma aliyekuwa Spika wa Bunge la Taifa mwaka 2022, huandikwa leo kwa ritifaa na kesho bila ritifaa, na hakuna anayeshangaa. Ukiuliza sababu, mara nyingi lawama huangukia kompyuta: mashine za zamani, utaambiwa, zilitengenezwa ughaibuni kwa ajili ya Kiingereza, hazikuwa na nafasi ya herufi zetu, nasi tukazoea kuandika kilichowezekana. Maelezo hayo ni ya kweli kwa lugha nyingi za Afrika. Kwa ng' si ya kweli. Ile alama ndogo ya juu imekuwamo karibu katika kila mashine iliyofika magharibi mwa Kenya, kuanzia taipureta ya karani wa mkoloni hadi simu ya mkononi. Hakuna aliyekosa kuiona kwenye kibodi. Kilichokosekana ni mtu wa kuiambia mashine kwamba alama hiyo, ikifuata n na g, ni sehemu ya herufi wala si kituo cha uandishi. Kasoro hiyo haikuanza na kompyuta. Ilianza siku wanaisimu walipoamua kuunda konsonanti kwa kuazima alama ambayo tayari ilikuwa na kazi nyingine.

Sauti yenyewe haina utata. Katika ngoma kuna sauti mbili zilizoungana, ya pua na ya kipasuo cha nyuma ya ulimi. Katika ng'ombe kuna moja tu, ya pua. Kiswahili kinazitenganisha kiasi cha kubadili maana: kung'oa mti ni kazi ya shoka na jembe, ilhali ngoa ni wivu. Lubukusu kina zote mbili pia, kwani kuku ni engokho, yenye g inayosikika wazi, na Wetang'ula ni jina ambalo g yake haisikiki kabisa. Jirani zao Wakalenjini, wakiwemo Wasabaot wa Mlima Elgon na wakazi wengi wa Trans Nzoia, wana sauti hiyo katika majina ya kila siku: Lang'at, Ng'eno, Kipng'etich. Kitale na Bungoma basi ni mahali ambapo jamii za Kibantu na za Kiniloti, zenye lugha zisizo na uhusiano wa nasaba, zinakutana kwenye sauti moja na kuiandika kwa alama moja. Ni vigumu kupata sehemu ya Kenya ambayo ritifaa ina kazi nzito zaidi katika majina ya watu, ya vijiji na ya milima.

Uamuzi wa kuiandika hivyo ulikuwa na mshindani. Mwaka 1926 iliundwa mjini London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, na mwaka uliofuata ikatoa kijitabu cha mapendekezo ya tahajia kilichorekebishwa mwaka 1930. Msingi wake ulikuwa sauti moja, herufi moja, na kuepuka kadiri iwezekanavyo vialama vya juu na chini. Kwa sauti yetu ya pua ilipendekezwa ŋ, n yenye mkia. Katika mwaka huohuo wa 1930, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia kusanifisha Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilianza kazi yake, na tahajia iliyoenea kupitia vitabu vya shule na kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilibaki na ng'. Uganda, kwa Luganda, ilifuata njia nyingine: tahajia iliyokubaliwa mwaka 1947 ina ŋ. Kwa hiyo anayevuka mpaka wa Malaba kutoka Bungoma huvuka pia mpaka wa herufi.

Sababu ya kuchagua ritifaa haikuwa ya kiisimu. Ilikuwa ya vyombo. Kiwanda cha chapa kilichotaka ŋ kililazimika kuagiza risasi mpya za herufi, za wima na za mlazo, ndogo na kubwa, kwa kila ukubwa wa maandishi. Ofisi iliyotaka ŋ ilihitaji taipureta iliyobadilishwa nyundo zake. Ritifaa ilikuwa tayari mezani. Lakini hapohapo ndipo mtego ulipokuwa, kwa sababu ritifaa ya taipureta ilikuwa kama kibarua anayegombewa na waajiri wengi. Ili kuokoa vitufe, watengenezaji waliinyoosha ikasimama wima, isielekee kushoto wala kulia, ndipo iweze kufungua nukuu, kuzifunga, kuonyesha herufi iliyoachwa katika Kiingereza, kuwa alama ya futi katika vipimo, na kuwekwa juu ya e pale Mfaransa alipoihitaji. Kwenye taipureta nyingi hakukuwa hata na kitufe cha alama ya mshangao. Mpigaji alipiga nukta, akarudi nyuma, akapiga ritifaa juu yake. Alama yenye kazi sita haiwezi kujulisha mashine iko kazini kwa nani. Msomaji binadamu hujua kwa kutazama maneno yanayoizunguka. Karani wa Kitale aliyepiga chapa jina la mkulima kutoka Cherang'any alijua anachoandika, na kwa muda mrefu hilo lilitosha, kwa kuwa kazi ya taipureta ilikuwa kuacha wino karatasini. Haikusoma chochote.

Mambo yalibadilika pale mashine zilipoanza kupeleka na kupanga maandishi badala ya kuyaacha tu. Mashine za teleksi zilitumia msimbo wa biti 5, wenye nafasi 32, usioweza kubeba alfabeti na tarakimu kwa pamoja. Suluhisho lilikuwa tabaka mbili: moja ya herufi, nyingine ya tarakimu na vituo, na ishara maalumu ya kuhama kutoka moja hadi nyingine. Ritifaa ilipangwa kwenye tabaka la vituo. Maana yake ni kwamba kupeleka WETANG'ULA kulidai kupiga herufi sita, kuhama, kupiga ritifaa, kuhama tena, kisha kumalizia herufi tatu. Ishara moja ya kuhama ikipotea njiani, U, L na A zilizofuata zingechapwa kama tarakimu na vituo. Karani mwenye haraka, aliyepimwa kwa kasi, alikuwa na kila sababu ya kuiacha. Hapa ndipo mgawanyo wa kudumu ulipochorwa: herufi upande mmoja, vituo upande wa pili, na ritifaa ya ng' ikajikuta ng'ambo ya mstari ambao hakuna Mbukusu wala Msabaot aliyeulizwa kuuhusu.

Kadi za kutoboa zilikaza mgawanyo huo. Mashine ya IBM 026, iliyotoka mwaka 1949 na kutumika duniani kote kuandaa data, iliuzwa ikiwa na seti tofauti za alama. Ile ya wanasayansi ilikuwa na ritifaa, mabano na alama ya kujumlisha. Ile ya biashara, iliyokusudiwa mishahara, bima na hesabu za wateja, iliweka katika nafasi hiyohiyo ya ritifaa alama ya @, iliyomaanisha bei ya kila kimoja. Herufi zote zilikuwa kubwa. Hili ndilo tukio pekee katika historia hii ambapo mashine kweli haikuwa na ritifaa, na inafaa kulitazama vizuri, maana lilitokea katika kazi ileile inayohusu majina ya watu. Mhandisi aliyehitaji kuandika mlinganyo alipewa ritifaa. Karani aliyehitaji kuandika majina hakupewa, kwa kuwa majina aliyoyawaza mtengenezaji hayakuihitaji. Desturi ya kuandika orodha za malipo kwa herufi kubwa bila ritifaa ilizaliwa katika mazingira hayo, nayo iliishi muda mrefu baada ya kadi zenyewe kutupwa. Mfumo mpya ulipofika, data ya mfumo wa zamani ilihamishiwa ndani yake pamoja na ukosefu wake.

Mwaka 1963 Marekani ilitoa msimbo wa ASCII, ukapata sura yake ya kudumu mwaka 1967: biti 7, nafasi 128, alama 95 zinazoweza kuchapwa. Ritifaa ilipewa namba 39. Tangu hapo hoja ya kwamba kompyuta haina alama yetu haina mashiko tena. Kwa hakika Kiswahili ni miongoni mwa lugha za dunia ambazo alfabeti yake yote inatoshea ndani ya ASCII bila kubakisha kitu. Lubukusu vilevile. Majirani wa Mlima Kenya hawakuwa na bahati hiyo. Kikuyu na Kikamba huandika ĩ na ũ, na wabunifu wa ASCII walikuwa wamefikiria namna ya kuwafaa watu kama hao bila kuwajua: alama ya ~ iliwekwa ili mwandishi apige i, arudi nyuma, apige ~ juu yake, kama ilivyofanywa kwenye taipureta. Ritifaa nayo ilihesabiwa humo kuwa inaweza kusimama juu ya e kwa njia ileile. Mbinu hiyo ilitegemea karatasi. Skrini ilipochukua nafasi ya karatasi, kurudi nyuma kukawa kufuta, na alama ya pili haikukaa juu ya ya kwanza bali iliiondoa. Wakikuyu wakaachwa bila njia, wakati Waswahili na Wabukusu waliendelea kuandika.

Hali ya skrini za maandishi inaeleza ugumu huo. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 iligawa skrini yake katika vyumba: 80 kwa upana, 25 kwa urefu, jumla 2,000, kila chumba kikipokea alama moja kutoka katika orodha ya 256 iliyochongwa ndani ya chipu. Katika kadi ya rangi ya mashine hiyo kila chumba kilikuwa na vidoti 8 kwa 8. Orodha yenyewe ilikuwa na nyuso mbili zinazotabasamu, alama nne za karata, mistari ya kuchorea majedwali na herufi kadhaa za Kigiriki. Haikuwa na ĩ, ũ wala ŋ. Kichekesho ni kwamba ĩ na ũ zilikuja kupatikana katika seti ya kimataifa iliyotungwa kwa ajili ya lugha za Baltiki na ya Greenland, mahali ambapo hakuna Mkikuyu angefikiria kuitafuta lugha yake. Ritifaa ilikuwamo katika orodha ya IBM, ila ilikuwa na vidoti vichache katika kona ya chumba chake. Katika baadhi ya fonti za vituo vya kompyuta vya zamani ilichorwa imeinama, ili ifunge nukuu iliyofunguliwa kwa alama iliyoinama upande wa pili. Katika nyingine ilisimama wima. Mashine za kuchapa za pini 9 ziliitoa kwa kugonga utepe mara chache tu, na katika nakala ya tatu chini ya karatasi ya kaboni, alama ndogo kama hiyo ilikuwa ya kwanza kufifia. Kupotea kwake huko kulikuwa kwa bahati mbaya. Kupotea kulikofuata kulikuwa kwa kanuni.

Kanuni hiyo ilitoka katika hifadhidata. Lugha ya SQL, iliyobuniwa IBM katika miaka ya 1970 na kusanifishwa mwaka 1986, hutumia ritifaa kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Programu isiyoandikwa kwa uangalifu ikipokea jina Wetang'ula huamini kwamba jina limeishia kwenye g, kisha inakutana na ula isiyojua ni amri gani, inasimama. Wadukuzi waligundua mwanya huo, na wanaprogramu wengi, badala ya kuuziba kwa njia sahihi ambayo imejulikana siku zote, wakachagua njia ya mkato: kukataza ritifaa katika visanduku vya majina. Ndipo fomu inapomwambia mwombaji kwamba jina lake lina alama zisizoruhusiwa. Kuna kasoro nyingine zisizopiga kelele. Kwa kuwa namba 39 iko chini ya 65 ya A, orodha iliyopangwa kwa misimbo humweka NG'ENO kabla ya NGALA, mahali ambapo karani anayemtafuta kati ya Ngala na Ngeny hatamwona. Ukiiagiza programu ya Excel kwa amri yake ya PROPER kuweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno, itakupa Sang'Alo, Wetang'Ula na Cherang'Any, kwa kuwa kwayo neno jipya huanza baada ya kila kisicho herufi. Katika mfano huu hakuna kilichokosekana mashineni. Alama imehifadhiwa, imeonyeshwa, imechapwa. Imekataliwa uherufi tu, na tokeo ni jina lililokatwa vipande viwili. Majina ya tovuti nayo, kwa kanuni za tangu miaka ya 1980, hukubali herufi, tarakimu na kistari peke yake, hivyo taasisi yoyote ya Sang'alo inayotaka anwani ya intaneti lazima iache sehemu ya jina lake mlangoni.

Anayeona haya kuwa mambo madogo atazame kazi ambayo jina hufanya Trans Nzoia na Bungoma. Ni nchi ya mahindi na ya mashamba yaliyogawanywa. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yaliingia katika mipango ya makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, na majina ya wanachama yaliandikwa kwa mkono, yakapigwa chapa, kisha miongo kadhaa baadaye yakaingizwa katika kompyuta. Kitambulisho cha kizazi cha pili kilianza kutolewa mwaka 1995, kikiandika majina kwa herufi kubwa. Tangu hapo mtu mmoja anaweza kuwa LANG'AT katika kitambulisho, LANGAT benki, na Lang'at katika hatimiliki ya babake. Serikali ilipoanza kusajili wakulima nchini na kugawa mbolea ya ruzuku kwa vocha za simu, huku bohari za Bodi ya Nafaka na Mazao zikidai kitambulisho, ulinganifu wa majina ukawa sharti la kupanda kwa wakati. Mawakili wa Kenya wamezoea kuandaa hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu yuleyule. Hati hiyo hulipiwa, na anayeilipia ni mwenye jina, ingawa si yeye aliyeliandika kwa namna mbili.

Simu ya mkononi ingeweza kuwa mwanzo mpya, na kwa sehemu ilikuwa. Ujumbe mfupi hubeba baiti 140. Kwa msimbo wa biti 7 wa mitandao ya simu hiyo ni alama 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika msimbo huo, kwa hiyo mkulima wa Chwele aliyepokea bei za mahindi na maharagwe kutoka kwa Kenya Agricultural Commodity Exchange, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 na kuwa na kituo Bungoma, angeweza kusoma jina lolote la soko likiwa kamili. Msimbo ukikutana na alama usiyoijua, ujumbe wote huhamia kwenye biti 16 na nafasi hushuka hadi 70. Mkikuyu anayesisitiza ĩ hulipa adhabu hiyo kila mara. Mswahili aliiepuka hadi simu zenyewe zilipojifunza kupamba: programu za kuandika zilianza kuigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, zikidhani mwandishi anafunga nukuu. Alama hiyo iliyopinda haimo katika msimbo wa biti 7. Mtu anayeandika ng'ombe mara moja katika ujumbe wa alama 100 hujikuta, bila kujua, ametuma jumbe mbili. Mashine imeiona ritifaa, ikaitambua, ikaamua kuisahihisha, na ikakosea kwa sababu ileile ya mwaka 1967: iliihesabu kuwa kituo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba msomaji hahitaji ritifaa. Mtu wa Bungoma akiona Wetangula hutamka vilivyo. Tena, watu wa eneo hilo wamewahi kuishi vizuri na tahajia isiyoonyesha kila kitu: herufi b katika Babukusu ni laini, midomo haifungani kabisa, ilhali baada ya m inakuwa ngumu, na hakuna aliyedai herufi ya pili. Katika miaka ya 1940, Kamati ya Lugha ya Luyia ilipojaribu kuunganisha tahajia za lahaja za Kiluhya, Wabukusu na Wamaragoli waliipinga au kuisusia, mmoja akitetea b yake na mwingine v yake, na hayo yalikuwa magomvi ya utambulisho kuliko ya usomaji. Pingamizi hili lina uzito, lakini mfano wa b unalidhoofisha. Ubainifu wa b hutokana na m iliyo mbele yake. Anayeijua kanuni hasomi vibaya hata jina asilowahi kulisikia. Kwa ng na ng' hakuna kanuni ya namna hiyo. Hakuna chochote katika Sangalo kinachomwambia mgeni kwamba g haitamkwi. Waayalandi nao wamepoteza ritifaa zao katika hifadhidata zizo hizo, na O'Brien akawa OBRIEN, lakini jina lake bado linasomeka vilevile, kwa kuwa ritifaa yake haibebi sauti. Ya kwetu inabeba. Anayetegemea msomaji ajuaye tayari anamwachia mwenyeji peke yake haki ya kusoma, wakati majina ya leo husomwa na karani kutoka Mombasa, mtangazaji wa Nairobi, na mara nyingine sauti ya mashine.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: kama ritifaa ilikuwa msingi mbovu, basi kosa ni la waliokataa ŋ, na dawa ni kuichukua sasa. Ni hoja nzuri kwenye karatasi. Historia ya Luganda haiiungi mkono. Herufi ŋ ilipitishwa na kufundishwa, lakini haikuwamo kwenye taipureta za kawaida wala katika ASCII wala katika orodha ya IBM, na Waganda wenyewe wakaandika ng' badala yake kila walipokosa njia. Kwa muda wa karibu nusu karne, anayeandika ŋ asingeweza kuipata katika mashine za kawaida, ilhali anayeandika ng' aliipata na kunyimwa heshima yake tu. Kati ya kutokuwapo na kutotambuliwa, la pili lina nafuu, kwa sababu linaweza kurekebishwa bila kuandika upya vitabu. Waliochagua ritifaa hawakukosea hesabu kwa vyombo vya wakati wao. Walichoacha bila kufanya ni kutangaza kwamba n, g na ritifaa kwa pamoja ni herufi moja kwa kila anayepanga, anayehesabu na anayehifadhi. Walimu walitimiza sehemu yao, na shule za Kenya hufundisha ng' kama konsonanti kamili. Tangazo hilo halikutoka darasani kwenda chumba cha kompyuta.

Pingamizi la tatu ni kwamba tatizo limekwisha. Mfumo wa Unicode, uliotoka mwaka 1991, una nafasi kwa kila herufi ya dunia, ĩ, ũ na ŋ zikiwamo. Kwa Wakikuyu hili ni ukombozi wa kweli. Kwa ng' limeongeza mchanganyiko, maana sasa kuna alama tatu zinazofanana machoni: ritifaa iliyonyooka ya ASCII, nukuu iliyopinda ya kufungia, na ritifaa ya tatu yenye msimbo 02BC, ambayo Unicode imeiorodhesha wazi kuwa herufi. Jina Wetang'ula likiandikwa kwa hizo tatu ni majina matatu kwa kompyuta inayotafuta kwa misimbo, na manne ukihesabu lisilo na alama. Wahawaii walikuwa na shida kama yetu: sauti yao ya koo iliandikwa kwa alama iliyodhaniwa nukuu, wakasisitiza kwamba ni konsonanti, na leo ina msimbo wake wa kiherufi na inaonekana katika majina rasmi ya mahali. Tofauti kati yao na sisi haimo katika mashine, kwani mashine ni zilezile. Wao walidai, na mamlaka yao yakaandika dai hilo katika taratibu.

Kinachohitajika Bungoma na Kitale hakingoji teknolojia mpya. Idara ya usajili wa watu, wizara ya ardhi, mamlaka ya kodi na benki zinaweza kukubaliana kuhusu mambo manne: kwamba ritifaa baada ya ng katika jina ipokelewe na kila fomu; kwamba ihifadhiwe kwa msimbo mmoja, hata mwandishi akipiga upi; kwamba utafutaji na ulinganishaji wa majina uipuuze, ili Lang'at na Langat wapatane bila kiapo; na kwamba uchapaji usiipuuze kamwe, ili jina litoke kama lilivyoandikishwa. Kila moja ya hayo inawezekana katika hifadhidata yoyote inayotumika leo, kwa mistari michache ya programu. Tume ya mipaka nayo, inapopitia tena majina ya maeneo bunge na wadi, inaweza kuandika Cherang'any na Sang'alo, kisha ramani na orodha zikafuata. Maadamu tunaendelea kulaumu kompyuta za zamani, hakuna ofisi itakayojiona inahusika, kwa kuwa nani ataishtaki mashine iliyokwisha kutupwa? Ushahidi unaonyesha kwamba mashine ilikuwa na alama hiyo karibu siku zote. Aliyeikataza ni mtu aliyeandika kanuni, na kanuni iliyoandikwa na mtu hurekebishwa na mtu.